Kwa Nini Paka Anakoroma kwa Raha, Kisha Ghafla Anakuuma? Fahamu Maana ya Vituko Vyake Ukimpapasa

Paka amekuja mwenyewe, amepanda mapajani, amejikunja na kuanza kukoroma. Mkono unapita mgongoni taratibu, dakika ya kwanza, ya pili. Ghafla anageuka, anauma mkono, anaruka chini na kukaa pembeni akijilamba kama vile hakuna kilichotokea.

Kwa tukio kama hilo paka wengi hupewa majina: mkorofi, mnafiki, hana shukrani. Wengine huishia kutiwa kwenye gunia na kwenda kutupwa sokoni, mbali na nyumba waliyoizoea. Kwa upande mwingine kuna watoto wanaokwaruzwa usoni, na watu wazima wanaovimba mkono kwa sababu ya kidonda walichokidharau.

Wataalamu wa tabia za wanyama wanasema mara nyingi paka huwa ameshatoa taarifa mapema kwamba ametosheka. Ameitoa kwa mkia, masikio, ngozi na macho. Shida ni kwamba binadamu husubiri sauti, na paka huongea kwa mwili. Haya hapa ni maelezo ya vituko vinavyoonekana sana paka anapopapaswa, na maana yake.

Asili ya paka: mwindaji wa peke yake

Paka wa nyumbani ametokana na paka-mwitu wa Afrika, ambaye mpaka leo yupo kwenye mbuga za Tanzania na Kenya. Mnyama huyu huwinda peke yake, hula peke yake na hulinda eneo lake mwenyewe. Hana kundi la kumsaidia, kwa hiyo akiumia kwenye ugomvi anaweza kufa njaa.

Mbwa ametoka kwenye ukoo wa wanyama wa kundi, wenye ishara nyingi za kuombana radhi na kupatana. Paka hana ishara nyingi za aina hiyo. Jambo likimkera, njia yake ya kwanza ni kuondoka. Akizuiwa kuondoka, hutoa onyo dogo. Onyo likipuuzwa, hutumia meno na kucha.

Tena ukubwa wake una maana. Paka wa kawaida ana kilo 3 hadi 5. Anawinda panya na ndege, lakini yeye mwenyewe ni kitoweo cha wanyama wakubwa kuliko yeye. Mkono mkubwa unaomshukia kutoka juu, hata kama umejaa mapenzi, unafanana na hatari.

Kwa hiyo paka anayekubali kushikwa na binadamu ameshavuka mengi. Amekubali kitu ambacho asili yake haikumwandalia, na amekikubali kwa masharti yake.

Kila sehemu ya mwili ina jibu lake

Paka wanaopendana hulambana na kusuguana. Lakini ukiwatazama vizuri, utaona hawalambani mwili mzima. Hujikita zaidi kichwani na shingoni.

Maeneo hayo ya kichwa yana tezi za harufu: mashavuni, kidevuni, pembeni mwa midomo na kwenye panja, ile sehemu iliyo kati ya jicho na sikio. Paka akikusugua kwa shavu, anakupaka harufu yake. Pua ya binadamu haiwezi kuinusa, lakini kwake yeye ni alama inayosema huyu ni mtu wa hapa. Ndiyo maana ukimkuna mashavuni au chini ya kidevu husukuma kichwa mbele, hufumba macho na kutaka zaidi.

Utafiti mmoja wa mwaka 2002 ulilinganisha jinsi paka wanavyopokea kupapaswa sehemu tofauti za mwili. Sehemu ya panja ilipokelewa vizuri zaidi, na eneo la karibu na mkia lilipokelewa vibaya zaidi. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lincoln nchini Uingereza walipima jambo hilo tena, na eneo la mwanzo wa mkia likaonekana tena kuleta usumbufu mwingi.

Kwa ufupi, ramani iko hivi:

• Salama kwa paka wengi: mashavu, chini ya kidevu, sehemu ya chini ya masikio, panja.

• Inategemea paka mwenyewe: mgongo, mabega na pembeni mwa mwili.

• Sehemu za kuepuka: tumbo, miguu, mkia na pale mkia unapoanzia.

Kosa la wengi ni kuanza kichwani na kupitisha mkono mpaka mwisho wa mkia, kama mtu anayepiga pasi shati. Mkono huo unaanzia pazuri na kuishia pabaya, na kila mzunguko unarudia hivyo hivyo. Paka anakoroma kwa sababu ya mwanzo, anauma kwa sababu ya mwisho.

Kituko cha 1: Kuinua makalio ukimgusa karibu na mkia

Hapa wengi huchanganyikiwa. Kama sehemu hiyo haipendwi, mbona paka wengine huinua makalio juu kabisa na kukanyaga-kanyaga sakafu?

Eneo hilo lina mishipa mingi ya fahamu na pia tezi za harufu, kwa hiyo mguso wake ni mkali kuliko sehemu nyingine za mgongo. Kwa paka fulani mguso huo ni mtamu kwa muda mfupi. Kwa wengine ni karaha tangu mwanzo. Kwa wengi zaidi huanza kama utamu na kugeuka karaha ndani ya sekunde chache. Kuinua makalio si lazima kuwa na maana ya "endelea". Kwa sehemu kubwa ni mwili unajibu wenyewe.

Kwa paka jike ambaye hajafungwa kizazi kuna sababu nyingine. Akiwa kwenye joto, ataegemeza kifua chini, atainua nyuma, atapeleka mkia pembeni na kulia kwa sauti ndefu inayowanyima majirani usingizi. Huyo haumwi wala hana wazimu. Anatafuta dume.

Kituko cha 2: Kulala chali, halafu kukushambulia ukigusa tumbo

Wahenga walisema paka hakubali kulala chali. Methali hiyo ina ukweli wa kibaiolojia ndani yake. Tumboni ndipo zilipo ogani zake muhimu bila mfupa wa kuzikinga, na mnyama mwenye hofu hawezi kupaacha wazi.

Kwa hiyo paka akijibwaga mbele yako na kugeuza tumbo juu, anaonyesha kwamba anakuamini. Ni salamu. Haina maana kwamba amekualika kumgusa hapo. Ukipeleka mkono tumboni, unaamsha kinga yake ya asili: anaukumbatia mkono kwa miguu ya mbele, anauma, na miguu ya nyuma inapiga mateke yenye kucha. Katika ugomvi wa kweli, hivyo ndivyo paka aliye chini hujitetea.

Wapo paka wachache wanaopenda kukunwa tumbo. Lakini hao ni wa kuwajua mmoja mmoja, na kwa paka mgeni jaribio hilo ni la hasara.

Kituko cha 3: Kukoroma, kisha kuuma bila onyo

Hiki ndicho kinachowaumiza watu moyo zaidi, na kina maelezo zaidi ya moja.

La kwanza ni mguso kuzidi. Ngozi ya paka ina neva nyembamba zinazopokea mguso wa taratibu. Mtaalamu wa Sweden, Yngve Zotterman, alizieleza neva hizo mwaka 1939 kwa kuchunguza ngozi ya paka, miaka mingi kabla hazijathibitishwa kwa binadamu. Kiumbe mwenye ngozi nyepesi kiasi hicho anaweza kufurahia mkono mara kumi na kuchoshwa nao mara ya kumi na moja, hasa mkono ukipita pale pale.

Paka wawili wakilambana, mmoja akichoka huondoka au humpiga mwenzake kofi dogo, na mambo yanaisha. Binadamu anaweza kumpapasa paka huku anaangalia simu kwa dakika kumi bila kumtazama. Kwa paka hicho ni kipindi kirefu.

La pili ni kutaka usemi. Paka hutulia zaidi anapojua kwamba yeye ndiye anayeanza na yeye ndiye anayemaliza. Aliyebebwa kwa nguvu, akabanwa mapajani na kushikwashikwa hana mlango wa kutokea. Meno ndiyo mlango wake.

La tatu ni maana ya kukoroma kwenyewe. Watu wengi huamini paka akikoroma basi ana furaha. Mara nyingi ni kweli, lakini si kila mara. Paka hukoroma pia akiwa na maumivu, akiwa na hofu kwa daktari, na hata akikaribia kufa. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, wakiongozwa na Karen McComb, walionyesha kwamba paka wana mkoromo maalumu wa kuomba chakula. Ndani yake kuna sauti nyembamba inayokaribiana na kilio cha mtoto mchanga, na watu wanaousikia huona una haraka kuliko mkoromo wa kawaida. Kwa hiyo sauti ya koo pekee haitoshi. Usome mwili mzima.

Kituko cha 4: Kung'ata kidogo kidogo bila kutoboa

Kuna kuuma na kuna kung'ata kwa mzaha. Vitoto vya paka hujifunza kupigana kwa kung'atana polepole na ndugu zao. Akikua, paka anaweza kukung'ata kidole kwa meno bila kukaza taya, mara nyingi baada ya kukulamba. Huo ni mchezo, au njia yake ya kusema "ngoja kwanza".

Tabia hii hukomaa pale watu wanapotumia mikono yao kama toy. Kitoto cha paka cha miezi miwili kikirukia vidole, nyumba nzima inacheka. Mwaka ukipita, paka ni yule yule, kidole ni kile kile, lakini meno yamekua na hakuna anayecheka tena. Cheza naye kwa kamba, kitambaa au karatasi iliyofungwa kwenye uzi, na vidole vibaki kuwa vya kumkuna tu.

Kituko cha 5: Kukanda kama anakanda unga

Paka anaweka miguu ya mbele kwenye mapaja au blanketi, anasukuma mmoja, kisha mwingine, huku kucha zikitoka na kuingia. Tabia hii inaanzia kwenye kunyonya. Kitoto hukanda titi la mama ili maziwa yatoke. Akiwa mkubwa, joto na utulivu wa mkono wa binadamu humrudisha kwenye hali ile ya utotoni.

Baadhi hudondosha mate wakifanya hivyo, kwa sababu wamelegea kabisa. Usimpige kwa sababu kucha zimekuchoma. Weka taulo nene mapajani. Ila kama mate yanatoka hata asipopapaswa, yana harufu mbaya, au anatafuna chakula kwa shida, huo unaweza kuwa ugonjwa wa meno au kinywa.

Kituko cha 6: Ngozi ya mgongo kutetemeka

Mkono unapita, na ngozi inatikisika yenyewe kama ya ng'ombe anayefukuza nzi. Kuna msuli mwembamba chini ya ngozi unaofanya kazi hiyo. Ikitokea mara moja moja unapompapasa, ni ishara kwamba mguso unakaribia kuzidi. Toa mkono.

Ikitokea hata asipoguswa, huku paka anakimbia ovyo, anageuka kuung'ata mkia wake au anajilamba mpaka manyoya yanatoka, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Viroboto, mzio wa ngozi, maumivu ya mgongo na matatizo ya neva vinaweza kuonekana hivyo hivyo.

Kituko cha 7: Kujilamba mara tu unapoacha

Wengine huona kama dharau: umemgusa, naye anajisafisha. Paka hutumia sehemu kubwa ya muda anaokuwa macho kujilamba, na ulimi wake una miiba midogo inayofanya kazi ya chanuo. Mkono wako umevuruga manyoya na kuacha harufu ya sabuni, kitunguu au mafuta. Anajipanga upya. Kujilamba kwa haraka kwa sekunde chache kunaweza pia kuwa njia ya kujituliza baada ya jambo lililomtia wasiwasi.

Dalili kwamba ametosheka

Ukizijua hizi, utaumwa mara chache sana:

1. Mkia unaanza kupiga chini au ncha yake inarukaruka. Kwa mbwa kutikisa mkia mara nyingi ni furaha, kwa paka aliyelala mara nyingi ni kero.

2. Masikio yanageuka pembeni au yanalala nyuma.

3. Mkoromo unakatika ghafla.

4. Mwili uliokuwa umelegea unakakamaa.

5. Kichwa kinageuka kuufuata mkono.

6. Mboni za macho zinatanuka wakati mwanga haujabadilika.

7. Anaweka mguu juu ya mkono wako kama anauzuia.

Ukiona hata moja, simamisha mkono na uuondoe polepole. Usimshike kumzuia asiondoke.

Kuna pia paka ambaye haonyeshi lolote. Anakaa tu, ameinamisha kichwa, hajisukumi kwenye mkono wala hakimbii. Huyo husifiwa kuwa ni mpole. Utafiti uliofanyika Brazili na kuchapishwa mwaka 2013 ulipima homoni za msongo kwenye kinyesi cha paka wa majumbani. Waliokutwa na kiwango cha juu zaidi walikuwa wale waliokuwa wakivumilia kupapaswa, si wale waliokupenda wala wale waliokukataa wazi. Aliyekataa huachwa. Anayevumilia huendelea kushikwa.

Mbona paka wa jirani hana shida hizo?

Tofauti kubwa huanzia utotoni. Kipindi cha wiki ya 2 hadi ya 7 tangu kuzaliwa ndicho kinachoamua sana jinsi paka atakavyomchukulia binadamu. Kitoto kilichoshikwa kwa upole na watu tofauti katika wiki hizo hukua kikiona mkono ni kitu cha kawaida. Aliyezaliwa darini au nyuma ya stoo, akamwona binadamu kwa karibu akiwa na miezi mitatu, anaweza kukaa nyumbani miaka mingi bila kupenda kushikwa.

Ndivyo ilivyo kwa paka wengi wa mitaani katika miji ya pwani. Kwenye vichochoro vya Lamu na Mji Mkongwe Zanzibar wapo paka wanaowafuata wavuvi hadi miguuni wakisubiri kichwa cha samaki, lakini ukinyoosha mkono wanaruka. Wanamhitaji binadamu kwa chakula, si kwa kubembelezwa. Hilo si kosa lao.

Tabia ya kurithi nayo ina nafasi. Tumbo moja linaweza kuzaa kitoto kinachopenda mapaja na kingine kinachopenda kukaa juu ya kabati akiwatazama wote.

Ukiona amebadilika, fikiria maumivu kwanza

Paka aliyekuwa anapenda kupapaswa kwa miaka mitano, kisha akaanza kufoka ukigusa kiuno, hajawa mbaya. Huenda anaumwa.

Paka huficha maumivu kwa ustadi mkubwa, kwa sababu porini mnyama dhaifu huwa windo. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2002 uliangalia picha za eksirei za paka 100 waliokuwa na zaidi ya miaka 12. Asilimia 90 kati yao walikuwa na dalili za viungo kuchakaa. Wengi wa paka wazee wanaosemwa kuwa wamekuwa wakali ni wagonjwa wa viungo.

Kwa madume wanaozurura, sababu ya kawaida ni jipu. Hupigana usiku, jino la mpinzani huingiza uchafu chini ya ngozi, tundu hujifunga, na usaha hujaa ndani. Ukimgusa hapo lazima akuume. Mashavu yakiuma, angalia meno. Kichwa kikiwa hakishikiki na anatikisa masikio, huenda kuna wadudu sikioni.

Jambo moja la kuzingatia: usimpe paka dawa za binadamu. Paracetamol, ambayo iko karibu kila nyumba, ni sumu kwa paka na kidonge kimoja kinaweza kumuua. Hali kadhalika dawa za viroboto za mbwa zenye permethrin. Nenda kwa daktari wa mifugo.

Namna ya kumpapasa paka bila kugombana

Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nottingham Trent walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya na paka 100 kwenye kituo cha wanyama cha Battersea, London. Watu walipewa maelekezo mafupi kabla ya kukutana na paka: mwache achague, tazama mwili wake, gusa sehemu anazopenda. Baada ya maelekezo hayo paka walionyesha urafiki zaidi na ukali ukapungua.

Maelekezo yenyewe hayahitaji ujuzi wowote:

• Mwache aje. Kaa chini, nyoosha kidole au mkono uliokunjwa karibu na pua yake, subiri. Akinusa na kusugua shavu, amekubali. Akigeuza uso, amekataa.

• Anzia usoni. Mashavu, kidevu, chini ya masikio. Usimshukie kutoka juu ya kichwa.

• Gusa kidogo, kisha acha. Baada ya sekunde chache toa mkono. Akisukuma kichwa kuufuata, endelea. Akikaa kimya au akitazama pembeni, basi.

• Usimkazie macho. Mfumbie macho polepole. Mwaka 2020 watafiti walionyesha kwamba paka hufumba macho nusu kumjibu mtu anayefanya hivyo, na humsogelea kwa urahisi zaidi.

• Muda mfupi, mara nyingi. Dakika moja mara tano kwa siku ni bora kuliko dakika ishirini kwa mkupuo.

Wazoefu nao wasijiamini sana. Timu hiyo hiyo ya Nottingham Trent ilichapisha utafiti mwingine mwaka 2022, na ikabainika kwamba watu wanaojiona wanawajua paka vizuri ndio waliokuwa na mwelekeo wa kuwagusa sehemu wasizozipenda.

Watoto na paka

Mtoto mdogo hubeba paka kwa kumkumbatia kifuani, uso kwa uso. Hapo kucha ziko karibu na macho. Mfundishe mambo matatu tu: usimbebe, usimfuate anapokimbia, usimguse akila au akilala. Mwonyeshe kumkuna shavu kwa vidole viwili akiwa amekaa chini. Mtu mzima awepo karibu, na paka awe na mahali pa juu pa kukimbilia, kama dirishani au juu ya kabati.

Na asipigwe kwa kuuma. Paka aliyepigwa haunganishi kofi na kosa. Anaunganisha kofi na mkono, na mara nyingine mkono huo ukisogea atauma mapema zaidi.

Akikuuma au kukukwaruza

Jino la paka ni jembamba na kali kama sindano. Tundu linaonekana dogo, lakini vijidudu vimeshaingia ndani, karibu na mishipa na viungo vya vidole. Mkono unaweza kuvimba ndani ya siku moja.

Osha kidonda mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Usipake majivu, mafuta wala dawa ya meno. Kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama damu imekauka.

Sababu kubwa ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu hausambazwi na mbwa peke yao. Ingawa karibu visa vyote vya binadamu hutokana na mbwa, paka aliyeng'atwa na mnyama mgonjwa anaweza kumwambukiza mtu. Dalili zikishaanza, mgonjwa karibu hana nafasi ya kupona, lakini chanjo ikiwahi huzuia kabisa. Hatari ni kubwa zaidi kama paka ni wa mtaani, amekuuma bila hata kuguswa, au ametokwa na mate na kupepesuka. Uliza pia kuhusu chanjo ya pepopunda, na mpeleke paka wako mwenyewe kuchanjwa kila anapotakiwa.

Kwa paka mzima wa nyumbani, hata hivyo, kuumwa wakati wa kupapaswa ni jambo linalozuilika kwa asilimia kubwa. Leo akija tena kukaa karibu, mkune shavu kwa sekunde tatu, toa mkono, umtazame. Jibu lake utaliona.